Kabla ya seftriaksoni, angalia kilichomo kwenye mrija

Daktari akiandika seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, gramu 1 kwa mshipa, mara moja kwa siku, anatumia mstari mmoja tu wa faili. Mstari huo haumwambii muuguzi aiyeyushe kwa nini, aisukume kwa muda gani, wala aipitishe wapi. Haumkumbushi kwamba mkononi mwa mgonjwa tayari kuna kanula, kile kibomba kidogo kinachokaa ndani ya mshipa, kwenye kanula kuna mrija, na juu ya mrija kuna chupa iliyotundikwa na zamu iliyopita. Katika miaka yangu ya wodini, matatizo mengi niliyoyaona yakihusu dawa hii hayakutokana na dozi. Yalitokana na kile kilichokuwemo kwenye mrija kabla yake, au na chupa ya dripu ambayo hakuna aliyeihesabu kuwa nayo ni dawa.

Nilipoanza kazi, sista mkuu wa wodi yetu alikuwa mama wa maneno machache. Siku moja alituita wageni wote kwenye meza ya dawa. Akachukua kichupa cha seftriaksoni kilichokwisha muda wake, akakiyeyusha kwa mililita 10 za maji ya sindano, akavuta nusu kwenye bomba moja na nusu kwenye la pili. Bomba la kwanza akaliongezea salaini, yale maji ya chumvi ya dripu. Dawa ikabaki ilivyo, manjano mepesi, unaona mpaka upande wa pili. Bomba la pili akaliongezea kalsiamu glukoneti, ile ampuli ya asilimia 10. Akaliinua mbele ya filamu nyeusi ya eksirei na kutuambia tusogee. Ndani ya bomba palikuwa pameingia ukungu mweupe. Ukazidi kuwa mzito, kisha ukaanza kushuka chini kama chokaa.

"Haya," akasema, "nani anataka kumpelekea mtu kitu hiki mapafuni?"

Mwenzetu mmoja, mbishi wa asili, akamjibu kwamba ameshaona seftriaksoni ikipita kwenye mrija wa Ringa, dripu nyingine ya maji na chumvi, na hakuona kitu cheupe. Sista hakumkasirikia. Alimwambia asome lebo ya chupa zote mbili. Ringa ina kalsiamu kidogo, takriban milimoli 2 kwa lita. Kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 ina zaidi ya milimoli 200 kwa lita, mara mia na zaidi. Kwa hiyo kwenye Ringa chembe zinaweza kuwa ndogo mno au zikachelewa kutokea, na mrija ukaonekana safi huku kazi ikiendelea. Tangu siku hiyo nimekuwa mgumu wa kumwamini mtu anayeniambia "nimeangalia, haina kitu."

Kalsiamu iliyomo kwenye Ringa ina kisa chake, na mimi hupenda kuwasimulia wanafunzi kwa sababu kinawasaidia kukumbuka. Sydney Ringer alikuwa daktari wa London. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikuwa akichunguza mapigo ya moyo wa chura uliozamishwa kwenye maji ya chumvi. Moyo uliendelea kupiga vizuri, naye akadhani maji yale yametengenezwa kwa maji safi ya maabara. Kumbe yalikuwa yametumika maji ya bomba, yenye kalsiamu yake. Alipotumia maji safi kweli, moyo ulidhoofika upesi. Ndipo akajua kalsiamu ina kazi. Miaka ya 1930 daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann, akaongeza lakteti kwa ajili ya wagonjwa ambao damu yao imezidi asidi, na hapo tukapata chupa tunayoitundika hadi leo. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka akiingia mlangoni, Ringa ndiyo chupa ninayoitafuta kwanza. Sina ugomvi nayo hata kidogo. Ugomvi wangu ni kuikutanisha na seftriaksoni ndani ya mrija mmoja.

Wauguzi wa rika langu wengi bado wanakariri "saa 48." Wana sababu. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya taarifa za vifo vya watoto wachanga waliokutwa na chembe za seftriaksoni na kalsiamu kwenye mapafu na figo. Tahadhari ile ilisema dawa hizi zisipewe mgonjwa yeyote ndani ya muda wa saa 48, hata kwa mirija tofauti. Mwaka 2009 wakairekebisha baada ya majaribio ya maabara kwa plazima ya watu wazima na ya watoto wachanga. Sasa mtu aliyevuka siku 28 za maisha anaweza kupewa zote mbili, moja baada ya nyingine, mradi mrija usafishwe vizuri katikati. Kuzipitisha pamoja kwenye mrija wenye njia panda bado ni marufuku kwa umri wowote. Na mtoto wa siku 28 au chini, kama anahitaji dripu yenye kalsiamu, hapewi seftriaksoni kabisa.

Wodini hiyo inakuwa hivi. Nafika kitandani na trei yangu, jambo la kwanza nainua macho nisome chupa iliyotundikwa. Siulizi, nasoma mwenyewe, maana chupa za plastiki zinafanana na mwanga wa usiku hausaidii. Ikiwa ni Ringa, nafunga mrija, naufungua kwenye kanula, nafulashi kwa salaini, yaani nasukuma salaini kidogo isafishe njia. Nasukuma dawa polepole. Nafulashi tena, ndipo narudisha Ringa. Kama dawa inaingia kwa chupa ndogo ya salaini ya mililita 100, naiwekea mrija wake peke yake. Ule mtindo wa kuichoma dawa kwenye kile kimpira cha mrija wa Ringa ili kuokoa dakika chache ndio ninaoukataza kwa sauti kubwa. Wapo wanaofunga dripu juu, wanachoma dawa kwenye kimpira, wanafungua tena. Wanaona wamesimamisha Ringa, kumbe mrija mzima kuanzia kimpira hadi kanula umejaa Ringa.

Kuhusu watoto wachanga nina usiku mmoja ambao huwa nausimulia. Mtoto alikuwa katika wiki yake ya kwanza, ana homa, hanyonyi, na weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano. Alikuwa ametoka kwingine na dripu yake, na dripu ile ilikuwa na kalsiamu. Oda iliyokuja naye ilikuwa seftriaksoni. Mama yake alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, bado anatembea kwa shida, akaniuliza kama sindano itauma. Nikamwambia, "Mama, subiri kidogo, naongea na daktari kwanza."

Nikampigia daktari wa zamu. "Dokta, mtoto huyu hajafikisha siku 28, ana umanjano, na dripu yake ina kalsiamu."

Akanyamaza kidogo. "Usiichome. Nakuja."

Alikuja, akabadilisha kuwa ampisilini na jentamisini, tukabadilisha na dripu. Yule daktari alikuwa kijana na hakuona aibu kubadilisha oda mbele ya muuguzi. Namsifu kwa hilo, kwa sababu si wote.

Umanjano ule ulikuwa sababu ya pili, mbali na kalsiamu. Bilirubini, ile rangi inayomgeuza mtoto kuwa wa manjano, husafiri kwenye damu ikiwa imeshikamana na protini iitwayo albumini. Seftriaksoni nayo inapenda kushikamana na albumini hiyo hiyo, na ikiingia inaisukuma bilirubini ibaki huru. Bilirubini iliyo huru inaweza kuvuka hadi kwenye ubongo wa mtoto na kuuharibu. Kwa hiyo hata kama dripu isingekuwa na kalsiamu, mtoto yule hakustahili dawa ile. Na kwa kuwa nimetaja ampisilini na jentamisini: hizo nazo hazichanganywi kwenye bomba moja. Zikikaa pamoja, ampisilini hudhoofisha jentamisini, na mtoto anapata pungufu ya kile kilichoandikwa kwenye chati. Unatoa moja, unafulashi, unatoa nyingine.

Sasa unga wenyewe. Kichupa cha gramu 1 kwa njia ya mshipa tunakiyeyusha kwa mililita 10 za maji ya sindano. Tunatikisa, tunasubiri povu litulie, tunaangalia kwenye mwanga. Rangi inaweza kuwa manjano mepesi au ikaelekea kahawia kidogo, hilo halinisumbui. Chembe zinazoelea zinanisumbua, na kichupa cha namna hiyo kinaenda kwenye taka. Kusukuma kwa mkono ni dakika 2 hadi 4, na dakika 2 ukiwa umesimama na wagonjwa kumi wanakusubiri ni ndefu ajabu. Mimi huzitumia kumwangalia mgonjwa usoni na kuzungumza naye. Akikohoa, akijikuna, akilalamika koo linabana, naacha kusukuma hapo hapo. Muuguzi anayemaliza sindano kwa sekunde kumi hana nafasi ya kuacha katikati, dawa yote imeshaingia.

Kwa njia ya msuli mambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo trei mbili zinapoweza kuleta maafa. Seftriaksoni ya msuli inauma sana, kwa hiyo huyeyushwa kwa lidokaini ya asilimia 1, mililita 3.5 kwa gramu 1. Mchanganyiko huo usiingie kwenye mshipa kwa hali yoyote, maana lidokaini ikienda moja kwa moja kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuleta degedege. Kwenye wodi tuliyokubaliana vizuri, bomba lenye lidokaini linaandikwa kwa kalamu nyekundu "MSULI" kabla halijaondoka mezani. Bomba lisiloandikwa kitu halichomwi, hata aliyelivuta akiapa.

Kitu kingine kinachonikera ni chupa ya salaini ya mililita 500 inayochomwa sindano asubuhi na kugeuzwa kisima cha wodi nzima. Kila mtu anakuja na bomba lake, anachota kidogo, anaenda. Mara nyingi sindano inaachwa imechomekwa pale pale juu ili iwe rahisi kwa anayefuata. Chupa ile haina dawa ya kuzuia vijidudu. Kikiingia kijidudu kimoja saa mbili asubuhi, kufikia jioni kimezaliana na kimegawanywa kwa watu waliokuja kutibiwa maambukizi. Ampuli ndogo za matumizi ya mara moja ndizo zinazofaa, na zikikosekana ni afadhali kila mgonjwa awe na chupa yake yenye jina.

Mambo ya kufanana kwa ampuli nayo yasichukuliwe kirahisi. Maji ya sindano, salaini na kloridi ya potasiamu mara nyingine huja kwenye ampuli za mililita 10 zinazokaribiana umbo. Potasiamu isiyochanganywa ikisukumwa kwenye mshipa inasimamisha moyo. Wodi nyingi duniani zimeiondoa kabisa kwenye droo za kawaida na kuifungia kabati lake. Maji matupu nayo, ukiyatundika kwa wingi kama dripu, hupasua chembe nyekundu za damu kwa sababu hayana chumvi ya kuyalinganisha na damu. Ndiyo maana nasoma lebo ninapoichukua ampuli, naisoma kabla ya kuvuta, naisoma tena kabla ya kuitupa. Wanafunzi hunicheka. Wacheke tu.

Nije kwenye salaini, ambayo watu wanaiona haina neno. Lita 1 ya salaini ya asilimia 0.9 ina gramu 9 za chumvi, ambazo ni milimoli 154 za sodiamu na 154 za kloridi. Kloridi hiyo ni nyingi kuliko ya damu yetu, na ukimwagia mgonjwa lita juu ya lita, damu yake inaweza kuelekea kwenye asidi. Hayo ni ya wataalamu wa chumba cha wagonjwa mahututi. Wodini kinachotupata zaidi ni kasi.

Mzee mmoja alilazwa na nimonia, na moyo wake ulikuwa dhaifu tangu zamani. Aliandikiwa seftriaksoni na lita 1 ya salaini kwa muda wa saa 8. Mrija wetu ulikuwa wa matone 20 kwa mililita 1, kwa hiyo hesabu ni 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata kama matone 42 kwa dakika. Niliyahesabu kwa saa ya mkononi, nikayaacha yanaenda sawa. Nilipopita baadaye, mzee alikuwa ameketi ameinamia mbele, anavuta hewa kwa mabega, na kikohozi chake kina povu. Chupa ilikuwa karibu tupu. Kile kigurudumu cha kufungia mrija kilikuwa juu kabisa, kimefunguliwa chote. Nilikifunga, nikaita msaada, tukamkalisha wima, oksijeni ikawekwa, daktari akaagiza furosemidi, dawa ya kuyatoa maji yaliyozidi kwa mkojo. Alirudi katika hali yake usiku ule.

Mwanawe alikuwa amesimama nje ya pazia, uso umemshuka. "Sista, niliona inaenda taratibu mno. Nilidhani ikiisha mapema baba atapata nguvu mapema."

Sikumgombeza. Hakuna aliyemweleza, na alichofanya alikifanya kwa mapenzi. Ila tangu hapo, kila ninapotundika dripu namwonyesha ndugu aliyepo kile kigurudumu na kumwambia: hiki ni cha muuguzi, kikikushinda kukiangalia niite. Namweleza pia kwamba salaini haina lishe yoyote ndani yake. Hata deksitrosi ya asilimia 5, chupa ya mililita 500 ina gramu 25 tu za sukari, haifiki hata kalori 100. Mtu anayeweza kunywa na kumeza, mdomo wake unamfaa kuliko kanula yangu.

Watu wengi, wauguzi tukiwemo, tuliamini kwa muda mrefu kwamba mtoto mwenye homa kali na mikono baridi anahitaji maji mengi ya haraka. Utafiti uitwao FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, ulitikisa imani hiyo. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa: baadhi walipewa salaini kwa kasi, baadhi albumini kwa kasi, na wengine wakapewa maji ya kawaida ya matunzo tu bila kumiminiwa. Kufikia saa 48, katika makundi mawili ya kumiminiwa walifariki kama asilimia 10.5, na katika kundi lisilomiminiwa asilimia 7.3. Watoto wenye kuharisha na kukauka hawakuwemo kwenye utafiti ule, na hao bado wanahitaji maji yao kwa kasi iliyopangwa: katika mpango wa WHO mtoto aliyekauka vibaya hupewa mililita 100 kwa kila kilo, kwa mafungu mawili na kwa muda unaotegemea umri wake. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kufungua mrija ni kama mgonjwa huyu amepoteza maji au ana homa tu.

Hata kwa aliyekauka, kazi haiishi chupa inapoisha. Mwaka 1832, wakati wa kipindupindu, daktari Thomas Latta wa Leith, Uskoti, alimmiminia chumvi na maji kwenye mshipa bibi mzee aliyekuwa anakata roho. Bibi akafumbua macho, mapigo yakarudi, sauti ikarudi. Latta akaamini hatari imepita, akamwacha chini ya uangalizi wa mwenzake. Kuharisha na kutapika vikarudi, na bibi akafariki baada ya saa chache. Kila nikisoma habari hiyo nafikiria wagonjwa wetu wa alfajiri, wanaopata nafuu saa tisa usiku na kusahauliwa zamu zinapobadilishana.

Msomaji asije akaondoka na fikra kwamba salaini inakubaliana na kila kitu kwa kuwa inakubaliana na seftriaksoni. Amfoterisini B, dawa ya fangasi, ikiwekwa kwenye salaini inaganda, hiyo inataka deksitrosi ya asilimia 5. Ampisilini ni kinyume, inadumu vizuri zaidi kwenye salaini kuliko kwenye deksitrosi. Artesuneti ya malaria kali huyeyushwa kwanza kwa kimiminika chake cha bikaboneti kilichomo kwenye boksi, ndipo huongezewa salaini au deksitrosi, na haitaki maji ya sindano. Hakuna muuguzi anayebeba yote hayo kichwani. Karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi ndiyo tunayoitupa kwanza, na ndiyo ningeibandika ukutani. Mfamasia naye ana simu, na sijawahi kukutana na mfamasia aliyekasirika kwa kuulizwa.

Kuhusu mzio, naelewa kwa nini swali "Una mzio wa dawa?" linajibiwa "hapana" karibu kila mara. Mgonjwa amechoka, na neno mzio kwake ni chafya. Mimi nauliza, "Uliwahi kuchomwa sindano au kumeza kidonge ukavimba, ukatoka vipele, au ukashindwa kupumua?" Mama mmoja alisema hapana kwa swali la kwanza, na kwa la pili akanisimulia jinsi alivyovimba midomo baada ya sindano ya penisilini. Penisilini na seftriaksoni ni ndugu wa mbali, na wengi wenye mzio wa moja wanaivumilia nyingine, lakini mtu aliyewahi kuvimba midomo hachomwi bila daktari kujua. Alibadilishiwa dawa. Na kwa dozi ya kwanza ya mgonjwa yeyote, adrenalini iwe mahali mkono unapofika. Kwa mtu mzima anayeshindwa kupumua baada ya sindano ni miligramu 0.5, yaani nusu mililita ya ile ya 1:1000, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Nimeona watu wakikimbilia haidrokotisoni kwanza kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Haidrokotisoni inachelewa, mgonjwa hana muda huo.

Seftriaksoni imekuwa dawa ya kila homa, na hilo linaniudhi kuliko hata mambo ya mrija. Ni dawa nzuri mno: mara moja kwa siku inatosha kwa magonjwa mengi, inafika hadi kwenye uti wa mgongo, inatibu kisonono, homa ya matumbo na nimonia kali. Uzuri huo ndio unaoiponza. Mafua ni ya virusi, haiyagusi. Malaria haiigusi. Katika mgawanyo wa WHO ulioanza mwaka 2017, seftriaksoni imo katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa usugu unaziandama haraka. Nayo ina madhara yake: huweza kuacha tope kwenye kibofu cha nyongo, mgonjwa akaumwa tumbo upande wa kulia na watu wakadhani ni ugonjwa mpya. Mara chache sana, mwili hutengeneza kinga inayovunja chembe nyekundu za damu, na watoto wenye selimundu wamewahi kufariki kwa namna hiyo. Mtoto wa selimundu anayepauka ghafla au kukojoa mkojo mweusi baada ya dozi, sisubiri raundi ya asubuhi.

Kwa hiyo siku ya pili na ya tatu nawakumbusha madaktari: majibu ya damu iliyooteshwa kutafuta bakteria yamerudi? Homa imeshuka? Anakula? Kama anameza na tumbo linafanya kazi, kuna vidonge. Hapo ndipo mgonjwa hunishangaa. "Sista, mbona mnanitoa dripu na bado nipo kitandani?" Namwonyesha mkono wake. Kanula iliyokaa huanza kwa kuuma ukiigusa, kisha wekundu unapanda kando ya mshipa, mwishowe mshipa unakuwa mgumu kama kamba, na homa mpya inaanzia hapo. Wengine huomba iachwe kwa tahadhari, asije akachomwa tena kesho. Nawaelewa, kuchomwa hakuna anayekupenda. Lakini kanula isiyo na dawa ya kupitisha naitoa siku hiyo hiyo, naandika saa niliyoitoa kwenye chati, na chupa iliyobaki na salaini kidogo ndani inamwagwa, haihamishiwi kitanda cha jirani.